Siku Niliyodai Theluthi Yangu

Juzi katoni ya jivi ilipasuka dukani kwangu Kikuubo, kwenye soko la jumla la Kampala. Jivi mnaijua, nyinyi wa rika langu: ile dawa ya zambarau tuliyopakwa utotoni kwa kila kitu, kidonda cha mguu, malengelenge ya mdomo, hata kuku akiumwa alipakwa. Chupa zikavunjika, zambarau ikatiririka hadi mlangoni, wachukuzi wakairuka kama mtaro, na wafanyakazi wangu wakaanza kulaumiana kwa lugha tatu. Mimi nilisimama tu. Ile harufu ya spiriti ilinipanda puani ikanishuka mgongoni, na mgongo wangu wote, kuanzia kisogoni hadi kiunoni, ukaanza kuwasha. Mke wangu akaniuliza, "Baba Aisha, ni presha?" Nikamwambia si presha. Ni zamani.

Niseme mapema tusichoshane: mimi ni mtu mkubwa Kikuubo. Shule niliiacha darasa la nne, na leo wenye digrii wananisubiri nje wakiwa na mafaili kwapani. Mkenya akileta sabuni, Mkongo akitafuta vitenge, wote wanapita kwangu, na wote nawasemesha Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha niliyonyonya. Baba alikuwa Mwacholi, Mkatoliki wa rozari. Mama alikuwa Mnubi wa Bombo, Mwislamu wa swala tano. Huyu hakujua lugha ya yule, wala yule ya huyu, basi nyumbani tukaongea Kiswahili cha Baba, cha askari: kifupi, kikali, na neno "tafadhali" halimo.

Baba alikuwa askari jela katika gereza kubwa la Luzira, kule karibu na Port Bell. Tulikaa kota za askari, ukuta wa gereza ukiwa jirani yetu wa kwanza. Watoto wengine wa Kampala walicheza baba na mama. Sisi wa kota tulicheza hesabu ya jioni: mmoja askari, wengine wafungwa, mnachuchumaa wawili wawili mnahesabiwa. Sheria za gereza tulizijua kuliko meza ya kuzidisha. Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa theluthi. Mfungwa akiwa na tabia njema, theluthi moja ya kifungo chake inakatwa, anakwenda nyumbani mapema. Baba alilisema jambo hili mezani kama wengine wanavyosoma sala kabla ya kula.

"Theluthi ni mali ya mfungwa," alikuwa akisema, kijiko hewani, kwa kile Kiswahili chake kisichotenganisha mimi na yeye. "Askari nanyima mfungwa theluthi yake, huyo ni mwizi kushinda ile mwizi iko ndani."

Basi shikeni hilo, kwa maana ndilo lililotaka kuniua.

Ugonjwa wangu ulianza kwa kuyumba. Nilikuwa nikitoka kwenda kuchota maji, miguu inakwenda yenyewe Kawempe na mimi nataka bombani. Asubuhi kichwa kinagonga, natapika, halafu mchana nipo sawa nacheza. Kulikuwa na jirani mmoja nyuma ya kota aliyepika pombe ya waragi kwa siri, siri ambayo kila mtu aliijua, na Baba alipoona mwanawe anatembea kama bata kwenye tope, alifikia uamuzi wa kiaskari.

"Wewe kijana! Simama sawa! Tembea mstari!"

Nikatembea. Mstari ulinishinda, nikaishia kwenye ndoo.

"Wewe nakunywa waragi?"

"Hapana, afande." Baba tulimwita afande, hata Mama alimwita hivyo akikasirika.

"Fungua mdomo." Akanusa. Akanusa tena. Akakuta muhogo.

Mama akatoka jikoni na mwiko. "We mwanaume, mlevi gani anatapika asubuhi kabla ya kulewa? Mtoto mgonjwa huyu! Kama unataka kunusa, kanuse wale maafande wako!"

Nikapelekwa hospitali, nyingine, na nyingine tena, hadi ile kubwa, ambapo walikuta uvimbe kisogoni ndani ya ubongo. Daktari alisema ni wa aina ambayo haionekani sana, yeye mwenyewe ameuona mara chache katika maisha yake. Niseme nini? Hata ugonjwa wangu haukuwa wa kila mtu. Wakanipasua, wakautoa, nikaamka na bendeji kubwa kama kilemba cha shehe, Mama akafurahi kwa hilo na Baba akajifanya haoni.

Kumbe kazi ilikuwa nusu. Uvimbe wa namna ile huacha mbegu, na mbegu husafiri kwa maji ya ubongo kushuka kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo ilibidi kichwa chote na mgongo wote vipigwe mionzi, wiki sita, Jumatatu hadi Ijumaa. Daktari aliwaambia wazazi wangu kwamba mtoto asikose hata siku moja, maana kilichobaki kikipata nafasi kitaota tena, na mara ya pili hakutakuwa na cha kupasua. Haya niliyajua ukubwani. Siku ile mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi ya nje, nikaona mlango unafunguliwa na Baba anatoka akiwa na sura niliyoijua vizuri. Ilikuwa sura ya watu wanaoshuka kwenye gari la mahakama.

"Ngapi, afande?" nikamuuliza.

"Wiki sita," akasema, akaangalia ukuta.

Mimi nikaelewa kila kitu. Nimefungwa.

Msinicheke. Hesabuni ushahidi. Kwanza walininyoa nywele zote. Pili, mwanamke mmoja alinilaza kifudifudi, akachukua rula na jivi, akanichora mistari kichwani na mgongoni kama gunia la kahawa linalokwenda Mombasa, akasema mistari hiyo ni marufuku kufutika. Tatu, chumba chenyewe: ukuta mnene kuliko wa gereza letu, mlango wa chuma mzito unaojifunga taratibu kwa kuguruma. Nne, wakishanilaza, watu wote wanatoka. Wote! Mama, manesi, mwanamke wa jivi, wanakimbia kabisa, unabaki peke yako na mashine inanguruma, na wao wanakuchungulia kutoka nje. Tano, agizo ni moja tu: usitingishike. Kama hiyo si seli, mimi sijui seli ni nini, na nimekulia ukutani kwake.

Kosa langu nilijua pia. Ni ulevi. Waragi sikuwahi kuionja hata tone, lakini nilishasikia wafungwa wengi wakisema hawana hatia, na Baba alivyokuwa akiwacheka. Nikaamua kutosema. Mwanaume anatumikia kifungo chake.

Yule mwanamke wa jivi tulimwita Nnalongo, ndivyo Waganda wanavyomwita mama wa mapacha. Alikuwa mnene, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kiganda, kila l imekalia kiti cha r. "Toto nzuri, rara hapa," alikuwa akiniambia. "Rara kimya. Hapana ogopa." Nikalala kimya. Nawaambieni, katika kulala kimya hakuna aliyenifikia hospitali ile. Watu wazima walikuwa wakikohoa, wakijikuna, wakiita mama zao. Mimi nzi alitembea puani na sikupumua. Nnalongo akawa anawaambia wenzake, "Huyu mtoto wa askari, angarieni, kama jiwe!" Nami moyoni najisemea, andika hiyo, mama, andika, tabia njema.

Nyumbani vita ilikuwa ya sabuni. Mama yangu, Mnubi, mwanamke aliyeosha hata kuni, akapewa mtoto mwenye mistari ya zambarau asiyeruhusiwa kuoshwa mgongo. Aliumwa kuliko mimi. Jioni alinikalisha kwenye beseni na kitambaa chenye maji, akawa anapita pembeni ya mistari kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepalilia muhogo kwa wembe, huku akinung'unika. "Astaghfirullah, watu watasema nini? Mtoto kama ramani."

Na kulikuwa na Kalenzi. Huyu alikuwa mfungwa mzoefu, nyapara, aliyeaminiwa kukata nyasi za kota bila kulindwa sana. Ndiye mtu pekee niliyemwona ana elimu ya jambo langu. Nilikaa karibu naye kwenye kivuli cha ukuta, nikamuuliza namna ya kukaa vizuri na kifungo.

"Usijibishane," akasema Kalenzi, fyekeo mkononi. "Chakula kikija kibaya, kula. Wakikwambia lala, lala. Wakikwambia amka, umeshaamka. Na usimpende mtu wa zamu sana, maana kesho anabadilishwa."

"Na theluthi?"

"Theluthi wanakupa wenyewe. Hiyo ni sheria." Akaniangalia kichwa kilichonyolewa, kovu langu, ile mistari iliyochungulia kolani. "Kwani wewe umepewa ngapi, bwana mdogo?"

"Wiki sita."

"Basi wiki ya nne uko nje," akasema, akarudi kwenye nyasi zake. Yeye alidhani tunacheza. Watu wote walidhani tunacheza.

Ilipokwisha wiki ya nne, Jumatatu yake niliamka mapema, nikavaa shati la Krismasi, au la Idi, lilikuwa lile lile, nikakunja blanketi pembe nne. Kichwa kilikuwa hakina unyoya. Mgongo ulikuwa umeungua kama umelala kwenye bati la mchana. Kila nilichokula kilirudi. Lakini nilifika hospitali nikiwa na furaha, nikampa kila nesi mkono wa kwaheri. Nnalongo akafungua mlango wa chuma.

"Karibu, toto nzuri. Panda."

"Asante, nnyabo. Mimi nimemaliza."

"Umemariza nini?"

"Nimekaa vizuri. Nipewe theluthi yangu niende."

Nnalongo akamwangalia Mama. Mama akaangalia juu. Wakaniambia panda. Nikasema sipandi. Mama akanibembeleza, sikupanda. Akanitolea sambusa kwenye mkoba, bado ina moto, nikamwambia hongo ni kosa jingine. Akanitishia kwa kandambili, nikamwambia kumpiga mfungwa ni marufuku. Hapo ndipo walipoelewa ninachosema, na Mama akakaa chini pale pale sakafuni, akaanza kucheka, akacheka hadi akalia, na kulia kukachukua nafasi yote.

Daktari akaja. Akasema hatuwezi kumfunga kamba, akitingishika mionzi itapiga pasipotakiwa. Na hatuwezi kungoja. "Siku zikikatika," akamwambia Mama kwa sauti ya chini, "kazi yote hii tumeitupa, na mtoto pia." Mimi nilisikia, lakini niliwahi kusikia askari wakiwatisha wafungwa. Nikajishikilia nguzo ya benchi.

Wakampigia Baba simu gerezani. Alikuja na lori la magereza, na yunifomu, na buti zilizosikika tangu ngazi za mwanzo. Alisimama mbele yangu, nami nikasimama sawa, maana adabu ni adabu.

"Wewe kijana! Panda kitanda!"

"Afande, theluthi ni mali ya mfungwa."

Wagonjwa wengine, wazee wenye mistari yao ya jivi shingoni, wakageuza viti ili waone vizuri.

"Nani naambia wewe ni mfungwa?"

Nikamtajia ushahidi wangu wote: nywele, mistari, mlango, dirisha la kuchungulia, wiki sita. Nikamwambia kosa lenyewe nalijua, ni ulevi, na sijakata rufaa. Nikamwambia Nnalongo ni shahidi wa tabia yangu. Nnalongo, maskini, akasema, "Kweri, afande, kama jiwe."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Banange, jamani, huyu mtoto ana kesi nzuri."

Nilimwona Baba anapepesa macho. Sikujua wakati ule kwamba mtu anaweza kushindwa na mwanawe na kujivunia mwanawe na kuogopa kumpoteza mwanawe, yote kwa pamoja, huku amevaa mkanda na buti. Alikuwa amenaswa kwenye sheria yake mwenyewe. Akivunja theluthi, ni mwizi. Akiitoa, ananizika. Na kunidanganya hakujua, kazi hiyo hakufundishwa.

Akamgeukia daktari. "Daktari. Ile kitu mulitoa kichwani. Mulitoa yote?"

"Tulitoa yote tuliyoiona."

"Na ile hamukuona?"

"Huenda imejificha. Kichwani, au kwenye mgongo. Ndiyo maana tunapiga pote."

Nikaona mabega ya Baba yanarudi mahali pake. Akachuchumaa, buti zikalia, uso wake ukawa sawa na wangu, na kwa mara ya kwanza akaniongelesha polepole.

"Umesikia daktari? Iko wafungwa nimetoroka. Najificha hapa," akagusa kisogo changu, mkono mwepesi kama hagusi, "na hapa, mgongoni. Ile mashine ndiyo natafuta wao. Sasa mimi nauliza wewe. Wafungwa nikitoroka, nani nasimama mlangoni?"

"Askari, afande."

"Natingishika?"

"Hatingishiki."

"Watu wengine nikikimbia, yeye nakimbia?"

Nikaangalia mlango wa chuma. Nikawaza wale wote wanaotoka mbio na kuniacha. "Hakimbii," nikasema.

"Mimi niko kazi hii miaka mingi. Wewe umeona siku moja mimi nimepewa theluthi?"

Nikafikiri kwa makini sana. Sikuwahi kuona. Baba alirudi zamu ikiisha, mvua, malaria, Krismasi, zamu ikiisha. "Hapana, afande."

"Askari hapana theluthi," akasema Baba. "Askari namaliza zamu."

Akavua kofia yake, ile yenye beji ya shaba, akanivika. Ilinifunika hadi puani. Yule mzee wa nyuma akasema, "Kale, haya basi, kesi imekwisha," na watu wakapiga makofi. Nikampigia Baba saluti, nikaingia chumbani mwenyewe. Nnalongo akanizuia mlangoni akasema kofia yenye chuma haiingii kwenye mashine, nikamkabidhi aishike kwa mikono miwili, nikamwonya asiiweke chini. Nikapanda kitanda bila kushikwa. Mlango ukaguruma, wote wakakimbia kama kawaida yao, raia. Mimi nikabaki.

Jioni ile Kalenzi alikuwa kwenye nyasi. "Vipi, bwana mdogo, wamekutoa?"

"Mimi si mfungwa," nikamwambia, mikono nyuma. "Mimi ni askari. Kata na pale kwenye kona, umeacha."

Kalenzi akacheka hadi akakalia fyekeo, akaruka. Lakini kona aliikata.

Wiki mbili zile za mwisho sitazipamba. Nilikonda, Mama akawa ananibeba mgongoni kama mtoto wa kunyonya, mkono wake mmoja na tasbihi, na Baba nyuma yetu na rozari yake mfukoni, akiihesabu kwa kidole gumba akidhani hatuoni. Kuna asubuhi sikuweza kushika kikombe. Lakini kitandani sikutingishika. Naweza kujisifu kwa maduka, na ninajisifu, mnisamehe, lakini siku zile kazi ilikuwa ngumu kuliko kufungua duka, na mshahara wake ndio huu, mnauona, nina kitambi.

Siku ya mwisho Baba aliomba ruhusa akanipeleka mwenyewe. Nilipotoka nilisimama mbele yake, nikatoa taarifa. "Afande! Zamu imekwisha. Waliotoroka wamekufa wote."

Baba akamwangalia daktari. "Ni kweli? Wamekufa?"

Daktari yule angeweza kusema ndiyo, likaisha. Akavua miwani. "Sisi tumemaliza sehemu yetu," akasema. "Sasa tutamwangalia. Mwaka huu, na mwaka kesho, na mwingine. Hatujui bado, afande."

Nilikasirika. Nimesimama zamu nzima na hakuna anayeweza kuniambia kama kazi imefanyika! Nikamtazama Baba nikitaka amkaripie. Baba akasema tu, "Sawa, daktari. Asante," neno ambalo sikumbuki kumsikia akilisema kabla ya hapo.

Tulirudi na lori la magereza, mimi na yeye nyuma kwenye benchi ya mbao, dereva mbele. Hatujafika mbali nikahisi bega langu linalemewa. Baba alikuwa amelala. Si kusinzia, amelala, kinywa wazi, kichwa kinapiga turubai kila tukivuka shimo. Katika wiki zote zile sikuwahi kumwona amelala. Alitoka zamu ya usiku akaja hospitali, akatoka hospitali akaenda zamu. Na askari kulala akiwa ndani ya yunifomu, kwenye gari la serikali, jamani, mnajua wenyewe: hiyo ni kufukuzwa kazi. Nilikaa wima kadiri mgongo ulivyoniruhusu, nikaweka mkono wangu kati ya kichwa chake na chuma cha turubai ili asigongwe, nikaangalia barabara kwa niaba yetu wawili.

Karibu na Luzira dereva akagonga kidirisha. "Huko nyuma vipi? Mumelala?"

"Hapana, afande," nikapaza sauti. "Sote macho."